Shikamoo Baba, Rudi Nyuma ya Kamba

Jamani, kuwa mzazi wa mcheza mpira siku hizi ni adhabu. Sisi tulicheza chandimu peku, na kanuni ilikuwa moja tu: mwenye mpira akinuna, mechi imekwisha. Sasa hii akademi ya mtaani kwetu imeleta karatasi. Ya watoto ina mistari mitatu: wahi mazoezi, msalimie refa, usimtukane mwenzio. Ya wazazi imejaa mbele na nyuma! Usimfokee refa. Usimwelekeze mwanao, kocha yupo. Kaa nyuma ya kamba. Mzazi akikorofisha, mtoto wake anakula benchi. Mimi nikasaini fasta, nikijua ni ya mchango wa jezi.

Jumamosi mechi. Vitoto vya chini ya miaka kumi, saba kwa saba. Wapinzani wakarusha mpira, dogo wao kabaki na kipa tu, goli! Nikaruka: "Kuoteaaa! Refa umelala?"

Refa mwenyewe binti wa kidato cha tatu. Kapuliza filimbi, kaja mpaka nilipo. Nikakunja mikono ya shati. Akabonyea kidogo: "Shikamoo baba."

Hapo utafanyaje? "Marahaba."

"Mpira wa kurusha hauna kuotea, baba. Naomba urudi nyuma ya kamba."

Uwanja mzima kimya. Hata muuza ubuyu kaacha kuuza, ananitazama mimi. Kinamama wanachekea ndani ya khanga.

Miaka yote nabishana kijiweni, Simba na Yanga wote wapo, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia habari za kurusha! Nikamfuata kocha kudai haki yangu. Yeye anapanga koni zake, hata hanitazami. "Baba Junior, tangu 2019 sheria za soka zinaruhusu hata kocha kulambwa kadi nyekundu. Sembuse wewe? Ukipiga kelele mtoto anakutazama wewe, mpira unampita."

Junior akatolewa. Nikajua atalia, nipate pa kuanzia. Wapi! Kakaa, kafungua maji, kaniambia taratibu: "Baba, wiki ijayo aje mama."

Ndugu yangu, kocha akikuletea karatasi, usisaini kabla hujaisoma. Kama huna muda, muulize mwanao. Yeye keshaisoma.