Mazimwi Waalikwa

Siku tukiandaa jioni ya mazimwi hapa Ombaci, Uganda, watoto waje na mama zao, wageni wa heshima tunao. Adro wa Walugbara ana nusu mwili: jicho moja, mkono mmoja, mguu mmoja. Kiingilio atalipa nusu. Babu Dribidu, mwenye manyoya, husimuliwa kwamba alikula wanawe hata akafukuzwa kutoka ng'ambo ya Nile. Basi asiketishwe karibu na watoto. Popobawa aliyeitikisa Zanzibar mwaka 1995 atume udhuru, jioni ni ya familia. Kazi ipo kwa wale wa Juni 1981, waliowaua watu waliokimbilia misheni papa hapa. Hao walikuwa na miguu miwili, macho mawili na sare za jeshi la serikali. Sijui fundi atawashonea barakoa gani.