Daftari Limeelewa

Mwana Kupona wa kisiwa cha Pate, alipomtungia bintiye utendi mwaka 1858, alimtaka alete wino na karatasi tu. Msomi wetu wa leo hapo mtaa wa Mkomani, Lamu, hawezi kufungua kitabu bila kalamu za rangi tano na daftari la jalada gumu. Kila mstari anaupaka rangi. Namba ya ukurasa nayo haisalimiki, huenda ikawa na hekima. Mwenzake anapiga picha kurasa zote. Simu yake imesoma sana, Mungu aijalie.

Lakini miswada ya zamani ya Msikiti wa Riyadha, hapo hapo Lamu, ina pambizo zilizojaa maelezo kwa Kiarabu, mengine kwa Kiswahili, hadi katikati ya mistari. Karatasi ilikuja kwa chombo kutoka ng'ambo, na sidhani aliyeipata aliimaliza kwa kunakili asichokielewa. Yule mzee aliyeandika pambizoni alibishana na kitabu, akakisahihisha, akakifafanulia wanafunzi. Huyu wetu anakihamisha kitabu chote daftarini, kwa hati nzuri kweli.

Mwulize basi kilisema nini.

“Ngoja kwanza, daftari liko nyumbani.”