Besi ya Bei ya Kiwanja

Hongera, kaka mpiga besi wa Mchikichini. Umeamua Fender na Yamaha ni za wanafunzi. Wewe unataka gitaa lililochongwa kwa oda na fundi wa Brooklyn. Mafundi hao hupenda mbao za Afrika, kama wenge ya Kongo. Mti unapanda meli bila jina, unarudi na sahihi ya mtu na bei ya kiwanja.

Tusiwe na choyo: besi ya oda hupimwa kwa mkono wako, na uzi wa tano haukoromi. Ila sauti hiyo tamu itapita kwenye spika ya ukumbi iliyochanika, mbele ya mlevi anayedai mwimbaji aongezewe sauti.

Leo Fender mwenyewe alipotoa besi ya Precision mwaka 1951, aliifunga shingo kwa skrubu ili ikiharibika ibadilishwe. Na wazee wetu? NUTA Jazz, bendi iliyozaliwa 1964 na leo ni Msondo Ngoma, ilipigia vyombo vya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, vya shirika la DDC. Aliyehama bendi aliondoka na vidole vyake tu, na huko alikokwenda watu wakacheza vilevile.

Hapo jirani, sokoni Karume, mnunuzi wa mtumba hugeuza shati aone mshono kabla ya lebo. Wewe umeanza na lebo. Kodi ikikubana, Yamaha itapata mteja kabla ya magharibi. Hiyo ya Brooklyn utaanza kwa kumhutubia mteja kuhusu thamani yake. Nunua tu, kaka. Ila mazoezi hayachongwi kwa oda.