Kalamu ya Kaunta: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kukupongeza. Polisi na Magereza wote wako chini ya wizara yako, kwa hiyo sifa hizi usizigawe.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilitutia wasiwasi. Inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na mtoto hahukumiwi kifungo. Tukajiuliza, hawa vijana wanaokamatwa stendi na sokoni wataswekwa wapi? Mahabusu za watoto zinahesabika. Shule ya Maadilisho ya Irambo, wanakopelekwa watoto waliotiwa hatiani, iko Mbeya. Mama wa Bukoba akitaka kumwona mwanawe sharti avuke nchi nzima. Waziri mwingine angeomba fedha za kujenga. Kwenu ilitosha kalamu ya kaunta ya polisi, ile iliyofungwa kamba isiibwe.

Kijana anafikishwa kituoni ana miaka 15, ndevu hazijaota. Anaulizwa jina, kabila, kazi. Umri haulizwi, unakadiriwa. Hati ya mashtaka ikitoka, ana miaka 18. Ukienda RITA kutafuta cheti cha kuzaliwa utadaiwa kadi ya kliniki na ada juu. Kaunta mtu anakua miaka mitatu kwa dakika tatu, bure kabisa.

Kweli, hakimu anatakiwa kuuchunguza umri huo. Lakini uchunguzi unataka muda, na karandinga linanguruma nje.

Gerezani anamaliziwa utu uzima wake. Wanalala ubavu kwa kubanana, na nyapara akisema geuka, safu nzima inageuka. Kesi ni ya simu moja ya mkononi. Inatajwa; upelelezi haujakamilika. Inatajwa tena, upelelezi haujakamilika. Inaendelea kutajwa hadi siku moja, huko huko ndani, kijana anatimiza miaka 18 kwelikweli, na hati ya mashtaka iliyoanza na uongo inageuka kuwa kweli tupu. Sijui waraka mwingine wa serikali uliovumiliwa kiasi hicho.

Ombi langu ni dogo. Kaka yangu ana miaka 57 na amechoka na kazi. Nikimleta hapo kaunta asubuhi, jioni anaweza kuwa mstaafu? Nauliza tu, maana naogopa asije akapandishwa karandinga.

Wako mtiifu,
Mzazi wa kijana mwenye miaka 14, hadi leo asubuhi.