Namna ya Kufa Bila Kugombanisha Ndugu

Kufa kwenyewe hakuna haja ya mwongozo. Kila mtu huweza, tena bila mazoezi. Kazi iko kwenye siku zinazofuata, wakati wewe uko mochwari, kikao cha ukoo kimeketi chini ya turubai, na kila aliyeketi anajua ulichotaka. Shangazi anajua ulitaka kulala karibu na babu. Mkeo anajua ulitaka kuzikwa hapa hapa mjini. Shehe anajua, mchungaji naye anajua, na rafiki yako wa kijiweni, uliyemnong'oneza jambo mkinywa kahawa, ndiye anayejua kuliko wote. Wanakupenda, kwa hiyo hakuna atakayekubali kushindwa. Mwongozo huu ni wa kuwaokoa hao.

Anza na kaburi, maana hapo ndipo vikao vingi huvunjikia. Usidhani elimu yako itakusemea. S. M. Otieno alikuwa wakili mashuhuri wa Nairobi, akafariki tarehe 20 Desemba 1986. Mkewe Wambui, Mkikuyu, alitaka kumzika kwenye shamba lao la Matasia, Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema Mjaluo huzikwa kwao, na kwao ni Nyalgunga, Siaya. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Rufani, Wakenya wakiifuatilia magazetini kila kukicha na maiti ikingoja. Mei 1987 ukoo ukashinda, akazikwa Nyalgunga tarehe 23. Miezi mitano! Mashahidi wa pande zote mbili waliapa kwamba marehemu aliwaambia hivi au vile kwa mdomo wake. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa sheria hakuacha wosia wa kuwakatia shauri.

Kisha mtazame Wangari Maathai. Aliyepigania miti maisha yake yote hakutaka mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake, na watu wake walilijua hilo mapema. Alipofariki mwaka 2011 alilazwa katika jeneza la mianzi, mafunjo na magugu maji, akachomwa Kariokor, Nairobi. Kuchoma maiti si desturi ya Wakikuyu wa leo. Lakini hata kuzika kila mtu hakukuwa desturi ya Wakikuyu wa kale: kabla ya wamisionari na serikali ya kikoloni, wengi wao hawakuzikwa, na kaburi lilikuwa heshima ya wazee wachache. Kwa hiyo mzee akikuambia kikaoni kwamba jambo fulani limekuwapo tangu dunia kuumbwa, mheshimu, mpe kiti, kisha muulize kwa upole babu yake alizikwaje.

Simaanishi kwamba mila ni upuuzi. Mchaga anayeishi Kimara, Dar es Salaam, na kutaka kurudishwa Kilimanjaro, safari ya zaidi ya kilomita 500, ana sababu. Kaburi lililo kihambani kati ya migomba na masale huwaambia wajukuu kwamba hapa ni kwao, na hakuna jirani atakayewahoji. Ukitaka hivyo, sema, na uanze kuweka akiba ya gari la maiti na mabasi ya waombolezaji ukingali na nguvu. Hutaki? Sema vilevile. Ila usimwambie mkeo peke yake. Siku ya msiba ukoo utamtazama kama mtu wa kuja, hata akiwa amekupikia miaka 30. Mwambie mkeo, halafu mwambie kaka yako mkubwa mkeo akiwa ameketi hapo hapo anasikia.

Hatua ya pili ni dini, na hii ni ya kuwahi, kwa sababu dini zetu hazina saa moja. Kwa Waislamu maiti haicheleweshwi: huoshwa, hukafiniwa, husaliwa, huzikwa. Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alifariki Dar es Salaam tarehe 17 Februari 2021 na kesho yake akazikwa Mtambwe, Pemba. Cheo hakikumchelewesha. Wakristo wengi husubiri mtoto afike kutoka Mwanza, ibada ipangwe, wasifu usomwe, watu waage. Zote mbili ni njia za heshima. Balaa huja pale ulipobadili dini kimyakimya, upande mmoja ukaja na sanda ukitaka kuzika kabla ya alasiri, na mwingine umeshakununulia suti na unamsubiri padri wa Jumamosi. Kama ulisilimu ili uoe, au ulibatizwa ukubwani na kwenu wote ni Waislamu, watangazie watu wako ukiwa hai, hata kama chakula cha siku hiyo hakitalika kwa amani. Afadhali wakununie wewe, unayeweza kujibu, kuliko wapigane mbele ya mama yako.

Na dini uliyoitangaza, ishi nayo. Kwa Wakatoliki, viongozi wa jumuiya ndogondogo huwa miongoni mwa watu wa kwanza kuulizwa habari za marehemu. Usiwalazimishe wadanganye.

Tuje kwenye madeni na watoto, mambo mawili ambayo wanaume hasa hupenda kuyaachia mazishi yayatangaze. Katika misiba ya Kiislamu mtu wa familia husimama mbele ya waumini na kuomba anayemdai marehemu ajitokeze, kwa sababu deni hulipwa kwanza, wasia hufuata usiozidi theluthi moja, ndipo warithi wagawane. Andika basi unadaiwa na nani, na nani unamdai. Usimwache mwanao wa kidato cha nne ajue siku hiyo kwamba ile pikipiki haikuwa yenu.

Watoto ni jambo zito zaidi. Kama yupo mtoto uliyemficha, mlete nyumbani ukiwa hai. Mtoto anayefika msibani na picha ya zamani mkononi, akalia peke yake nyuma ya matenki ya maji huku mawifi wakinong'ona anafanana na nani, ameadhibiwa kwa kosa lako. Hapa sina utani hata kidogo.

Mjane naye ana haki ya kujua atakula nini. Mwislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi, na mwenye kukaa ndani hawezi kuhangaikia ada za shule. Kwa Tanzania Bara mirathi inaweza kuamuliwa kwa sheria ya kimila, ya Kiislamu, au kwa Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865 ambayo bado tunaitumia. Mahakama huangalia uliishije ili kuamua ni ipi inayokuhusu. Mtu aliyekwenda kanisani asubuhi, kwa mganga mchana na kwenye kikao cha ukoo jioni anamwachia hakimu fumbo, na mkewe ndiye anayelipia nauli za mahakamani.

Chakula: waachie agizo kwamba wafiwa wasipike. Jaafar bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Muuta, Mtume aliagiza watu wa Jaafar wapikiwe, kwa kuwa walikuwa na linalowashughulisha. Siku hizi tunafanya kinyume. Mjane anabaki na deni la turubai, viti, na mchele wa watu waliokula wakasifia. Ziandikwe kwanza ada za watoto kwenye daftari la rambirambi, pilau baadaye.

Ila watani wako usiwazuie. Mpare akifika msibani kwa Mchaga, akavaa koti la marehemu na kuiga mwendo wake hadi mjane akacheka katikati ya machozi, amefanya kazi ambayo sisi ndugu, kwa uchungu wetu, hatuiwezi. Mpeni anachodai.

Basi andika: nizikwe wapi, kwa dini gani, nadaiwa nini, watoto wangu ni hawa, mke wangu aachiwe hiki. Weka sahihi mbele ya mashahidi wasio warithi. RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini wa Tanzania, huandika wosia na kuutunza. Nenda wiki hii, ungali unatembea kwa miguu yako.