Bure Yenye Kipara

Daz Studio, programu ya kutengeneza picha za 3D, hugawiwa bure, na mwanasesere wake wa msingi, Genesis, naye ni bure. Wema ulioje! Ila hutua kwenye skrini uchi, kipara, mikono kaitanua kama anayesubiri kupekuliwa uwanja wa ndege. Hapo ndipo duka linapokukaribisha: nywele zinauzwa, viatu vinauzwa, mikao ya kukaa na kusimama inauzwa, hata tabasamu lina bei yake.

Mchora katuni wa zamani alihitaji penseli na kisa. Huyu wetu anayetengeneza katuni kwa Daz Studio, kabati la mavazi limemjaa. Kisa ndicho hakijaandikwa. Shujaa wake kila wiki ana gauni jipya. Na ukurasa wa kwanza? Subirini, kompyuta ingali inachakata kivuli cha kope ya kushoto.