Sifa za Mla Peke Yake

Katika fadhila zote ambazo walimwengu huzionea haya kuzitaja, sijaona iliyodhulumiwa kama ile ya mtu mzima, mwenye akili timamu na fedha halali mfukoni, kutoka kwake jioni akaenda kula bila ya mwenziwe. Na hapa Fungurume, mji uliokaa kando ya barabara kuu na reli baina ya Likasi na Kolwezi, dhuluma hiyo imepita kiasi, kwani mtu huyo mchana huitwa mchoyo, na jua likichwa huitwa mchawi. Nimejitolea kuwa wakili wake, bila ya ujira.

Wakili mwema huanza na sheria. Sura ya Nur, katika aya ya 61, haimtii hatiani anayekula na wenzake wala anayekula mbali nao. Na wahenga wetu, ambao husingiziwa kwamba walihimiza ushirika tu, ndio hao hao waliotuachia kuwa mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Basi ikiwa wenzi wa sinia hawatanifuata kaburini, kuna dharura gani wanifuate kwenye bukari, huu ugali wetu?

Tarehe nayo ni shahidi wetu. Kampuni ya migodi ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza kwa kuajiri wanaume waliokuja bila ya wake zao, kisha mwishoni mwa miaka ya 1920 ikageuza shauri, ikataka mfanyakazi akae kambini na ahali yake, na posho ikatolewa kwa kipimo, mke na watoto wakihesabiwa daftarini; kinywa kilichokuwa nje ya daftari hakikuwa na haki ya kufunguka. Siku hizi mshahara ni fedha taslimu, daftari limekwisha, na vinywa vimeachiwa kujihesabu vyenyewe, navyo, ajabu ya Mola, havikosei kamwe siku ya malipo. Tangu mgodi wa Tenke Fungurume uanze kutoa shaba na kobalti mwaka 2009, hapana kijana aliyepata kazi humo asipate na wajomba.

Mtazameni basi mshitakiwa wangu akiingia malewa, mgahawa wa mtaani, mwisho wa mwezi. Amechagua meza ya pembeni na kiti kinachoelekea ukuta. Mama mwenye chungu anamwuliza, "Papa, unakuya wewe moya?" kwa sauti ile ile ya kuulizia msiba, naye anaitika kwa kichwa. Anawekewa bukari inayofuka moshi, mboga ya sombe iliyoungwa kwa mawese, na samaki tomsoni mzima wa kukaanga, yule ambaye nyumbani hugawanywa kwa mashemeji hata baba mwenye nyumba akabaki na mchuzi na shukrani. Leo samaki ni wake, tangu jicho hata mkia. Anachambua miiba bila ya haraka. Hapana amwulizaye kiasi cha mshahara, wala amwelezaye habari ya karo, wala amkumbushaye ahadi aliyoitoa matangani.

Hatari yake ni moja tu, nayo ni adabu. Anayekula hana budi kumwambia apitaye "karibu", na apitaye hana budi kujibu "asante, nimeshiba". Na juu ya uongo huu wa pande mbili amani ya mtaa imesimama miaka mingi. Lakini mwisho wa mwezi jawabu husahauliwa, na shemeji hunawa mikono kwanza, ndipo aamkie. Ndiyo maana ya kile kiti cha ukutani, ambacho wajinga hukiita kiburi.

Wapinzani watasema kwamba, hata kama chakula chaukubali upweke, mpira haukubali. Na tuutazame huo mpira. Usiku ule wa Desemba 2010, TP Mazembe walipowatoa Internacional wa Brazil kwa mabao 2-0 kule Abu Dhabi, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, mshitakiwa wangu alikuwa amekaa mbele ya televisheni ya baa, peke yake kwa ridhaa yake. Kabangu alipofunga la kwanza, alijikuta amemkumbatia mtu asiyemjua hata kwa sura. Na Kaluyituka alipofunga la pili, mtu yule alikwisha kuwa kaka, akaagiza bia mbili baridi za Simba, na kwa kidole cha upole akamwonyesha mhudumu ni nani atakayelipa.